Muulizeni Mgonjwa Anafuga Nini

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Mbegani, huku kwetu Bagamoyo, atakujibu samaki. Ana haki. Chuo cha uvuvi kipo pale tangu enzi za Mwalimu, fedha za Norway zilimiminwa pale miaka ya 1970 na 1980, na mpaka leo vijana wanaohitimu wanajua kumkagua samaki kuanzia jicho hadi tamvua kabla hajaingia kwenye barafu. Anayependa siasa atakutajia bandari, ile iliyotiwa saini mwaka 2013 halafu ikazaa maneno mengi kuliko meli. Mbuzi hatajwi na mtu.

Mbuzi wapo lakini. Kuanzia Kaole mpaka Mlingotini, Zinga mpaka Kerege, utawakuta wawili watatu wamefungwa chini ya mwembe: wa hitima, wa harusi, wa Idi ya kuchinja, wa kuuzwa siku mtoto akirudishwa ada. Ng'ombe nao si wageni. Upande wa Makurunge kulikuwa na ranchi ya RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyoanzishwa miaka ya 1970 ili Unguja ipate nyama. Wabarbaig na Wamasai wamekuwa wakichunga wilayani kwetu kwa miaka mingi, na tangu wafugaji waondolewe Ihefu mwaka 2006 na 2007, mkoa wa Pwani umezidi kuwa njia na kituo cha mifugo. Asubuhi barabarani madumu ya maziwa yanapishana na ndoo za dagaa. Samaki wa kwenye ndoo ana chuo kizima cha kumsimamia. Maziwa ya kwenye dumu yanasimamiwa na anayeyabeba.

Ndiyo maana nataka kuzungumza habari ya homa, na habari ya moyo.

Utaratibu wetu wa homa kila mtu anaujua. Unaamka viungo vinauma, kichwa kinagonga, jioni unatetemeka. Unakwenda zahanati, unatobolewa kidole, kipimo kinatoka hasi. Zamani ungepewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Siku hizi kuna hatua mpya: malaria ikikosekana inatafutwa UTI, UTI ikikosekana inatajwa taifodi, na taifodi ikikosekana unaambiwa ni uchovu, kunywa maji mengi. Unatoka na kifuko cha vidonge vya siku tano, unakunywa vya siku mbili, nafuu inakuja, vilivyobaki unamwekea mdogo wako. Baada ya wiki tatu homa inarudi. Hapo watu wanaanza kuulizana nani ana kijicho na wewe.

Katika mlolongo huo wote kuna swali moja dogo ambalo halijaulizwa: nyumbani unafuga nini?

Swali hilo nimelipata kwenye utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, Moshi, na ambao kwa maoni yangu ungestahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha daktari. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, watoto kwa wakubwa. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, wenye homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14. Kumi na wanne tu, asilimia 1.6. Na miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, asilimia 26.2 walikutwa nayo. Wagonjwa hao walikuwa 118: homa ya Q 24, brusela 16, leptospira 40, na wengi wa waliobaki walikuwa na homa za kupe. Kuna sentensi moja katika ripoti ile inayonikera kuliko tarakimu zote. Hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye daktari wake, wakati anamlaza, aliweka ugonjwa wa wanyama kwenye orodha ya mambo anayoyashuku.

Hata mmoja. Na hizo zilikuwa hospitali kubwa, katika mkoa ambao mbuzi analala chumba cha pili.

Atasema mtu, Moshi si Bagamoyo. Nakubali. Kule kuna baridi na zizi lipo ndani ya kihamba, huku kuna joto na mbuzi anazurura. Lakini bakteria hao hawana kabila, na mifugo ya nchi hii inatembea. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 36 na mbuzi zaidi ya milioni 26, na sehemu kubwa ya wanaoliwa Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu wakiwa wametoka kila pembe ya nchi. Kumdhania mbuzi wa Zinga kuwa salama kwa sababu anakunywa maji ya pwani ni matumaini tu.

Nieleze sasa huyu mdudu wa homa ya Q, maana ndiye asiyejulikana kabisa. Aligunduliwa kupitia watu wa machinjio. Mwaka 1935 wafanyakazi wa machinjio ya Brisbane, Australia, walianza kuugua homa isiyoeleweka, na daktari Edward Derrick aliyeichunguza akaipa herufi Q kwa maana ya alama ya kuuliza, hadi hapo jibu litakapopatikana. Jibu lilipatikana, bakteria akaitwa Coxiella burnetii, ila herufi haikuondoka. Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe anaweza kukaa bila dalili yoyote, mnyama anakula na kunenepa. Dalili kubwa ni mimba kutoka, au kuzaliwa kwa kitoto dhaifu kisichofika jioni.

Tazama mbuzi anavyozaa uani. Usiku amehangaika, alfajiri mama mwenye nyumba anamkuta kitoto kimetokeza miguu na hakishuki. Anaita mtoto ashike kichwa cha mbuzi, yeye anapandisha khanga, anaingiza mkono mtupu, anavuta. Kitoto kinatoka na maji yake, kinafutwa pua kwa kipande cha gunia, kinapulizwa puani. Baadaye kidogo linashuka kondo la nyuma. Linatupwa kando ya ua, mbwa analiburuta mpaka barabarani, mabaki yanakaukia pale kwenye mchanga. Mama ananawa kwa maji ya ndoo na kwenda kuwasha jiko la chai. Kazi safi, imeokoa mbuzi wawili.

Kama mbuzi yule alikuwa na Coxiella, gramu moja ya kondo lile inaweza kubeba bakteria bilioni moja. Wachache mno, pengine chini ya kumi, wanatosha kumwambukiza mtu, na njia yao kuu ni hewa. Wakikaukia mchangani wanabaki hai kwa miezi, jua haliwasumbui sana, na kaskazi ikivuma mwezi wa Januari wanapanda na vumbi. Si lazima umguse mbuzi wala unywe maziwa yake. Inatosha kupita.

Zaidi ya nusu ya wanaoambukizwa hawaugui chochote. Wengine wanapata homa kali ya wiki moja mbili, kichwa, pengine kikohozi, au ini kuvimba, halafu wanapona wenyewe, ndiyo maana ugonjwa unapita bila jina. Shida ni wale wachache, chini ya watano katika kila mia, ambao bakteria hatoki. Anahamia mahali pa kudumu, na mahali anapopapenda ni valvu za moyo.

Valvu ni milango inayoruhusu damu iende mbele isirudi nyuma. Ikiwa nzima, nyororo, mdudu hapati pa kushika. Lakini valvu iliyokwaruzwa ni jambo jingine, na nchi yetu ina watu wengi wenye valvu zilizokwaruzwa. Ni wale ambao utotoni waliugua mafindofindo yasiyotibiwa vizuri, mwili ukayapiga vita ukaumiza na moyo wao wenyewe. Wapo wanaojua, wamekwisha pita Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2015 na kupewa jina la mwana wetu wa Msoga. Baadhi yao wamebadilishiwa valvu na kuwekewa za bandia, nazo pia bakteria huyu anazipenda. Wengi hawajui. Wanajua tu kwamba wakipanda mlima wanahema kuliko wenzao.

Ndani ya moyo wa namna hiyo maambukizi hayaji kwa kelele. Homa ni ya kuja na kuondoka, au haipo kabisa. Mtu anakonda, jasho usiku, miguu inaanza kuvimba, pumzi inakata. Atapimwa kifua kikuu na VVU, vyote hasi. Hata akibahatika kufika hospitali ambako damu inaoteshwa maabara ili kuona bakteria gani atamea, hapamei kitu, kwa sababu Coxiella hamei kwenye chupa za kawaida. Yeye anaishi ndani ya chembe za mwili tu. Picha ya moyo ya eko nayo inaweza isionyeshe uvimbe mkubwa kwenye valvu kama ule ambao daktari amezoea kuuona. Anayeweza kuokoa hali ni daktari atakayeagiza kipimo cha kingamwili, na hawezi kukiagiza kama hajui kwamba mgonjwa huyu mwaka jana alimzalisha mbuzi.

Matibabu yake yana kichekesho ndani yake, kwa wale wenye umri wangu. Coxiella amejificha kwenye kijifuko chenye tindikali ndani ya chembe nyeupe ya damu, mahali ambapo wadudu wengine husagwa. Doksisaiklini, dawa rahisi inayopatikana katika kila duka la dawa, inafika humo lakini tindikali inaipunguza nguvu. Kwa hiyo inaongezewa dawa ya pili ya kuituliza tindikali: haidroksiklorokwini, ndugu wa damu wa klorokwini, ile iliyotuwasha mwili mzima utotoni na ambayo serikali iliachana nayo kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Dawa tuliyomeza miaka yote kwa malaria, hata pale ambapo malaria haikuwapo, ina nduguye anayehitajika kwa ugonjwa uliokuwa umejificha nyuma ya jina hilo la malaria. Na haidroksiklorokwini inamezwa pamoja na doksisaiklini kwa miezi 18 isiyopungua, miezi 24 kwa mwenye valvu ya bandia, macho yakikaguliwa na damu ikipimwa mara kwa mara. Ugonjwa huo huo ukikamatwa siku za mwanzo, doksisaiklini peke yake kwa wiki mbili hutosha.

Wiki mbili kwa upande mmoja, mwaka mmoja na nusu kwa upande mwingine, pengine na upasuaji juu yake. Kwa mvuvi wa Mlingotini, tofauti hiyo ndiyo mashua.

Brusela nitaisema kwa ufupi kwa kuwa angalau inajulikana. Inatoka kwenye maziwa mabichi na kondo la nyuma vilevile, inaleta homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya mgongo na viungo. Inafika moyoni kwa nadra, mgonjwa mmoja au wawili katika mia, lakini katika wachache wanaouawa na brusela, wengi huuawa na huo moyo. Mtindi hauiondoi kwa uhakika, kuchemsha kunaiondoa. Najua jinsi maziwa freshi yenye joto la ng'ombe yanavyosifiwa na wanaoyanywa. Chemsha.

Wenye mashaka kwamba jambo hili ni kubwa watazame Uholanzi, nchi yenye maabara kila kona. Mwaka 2005 mashamba ya mbuzi wa maziwa kule kusini, jimbo la Noord-Brabant, yalianza kushuhudia mbuzi wakitupa mimba kwa makundi. Wataalamu wa mifugo walijua. Mwaka 2007 wanakijiji wakaanza kujaa kwa madaktari na homa za mapafu. Mpaka wimbi linatulia mwaka 2010, watu zaidi ya 4,000 walikuwa wameandikishwa, mbuzi zaidi ya 50,000 wenye mimba wameuawa, na walioishi ndani ya kilomita 2 kutoka shamba lenye ugonjwa walionekana kuwa hatarini mara nyingi zaidi kuliko waliokaa mbali zaidi ya kilomita 5. Vifo havikuishia hapo. Viliendelea kwa miaka, zaidi ya 90, karibu wote wakiwa wale ambao ugonjwa uliwakalia kwenye moyo na mishipa mikubwa ya damu. Wenyewe walikuja kuilaumu serikali yao kwa uzito, na lawama moja ilikuwa hii: habari za mbuzi zilichelewa mno kuwafikia waliokuwa wakitibu watu.

Sisi hatuna mashamba ya mbuzi elfu kwa elfu, na pengine wimbi kama lile halitatupata. Tunachofanana nao ni ukuta kati ya bwana mifugo na muuguzi. Mbuzi watano wakitupa mimba Pande wiki moja, bwana mifugo akibahatika kuambiwa ataandika kwenye taarifa yake itakayokwenda wilayani kwa njia yake. Watu watatu wa Pande wakipata homa mwezi huo, zahanati itaandika kwenye taarifa yake itakayokwenda wilayani kwa njia nyingine. Karatasi hizo mbili zinaweza kulala jengo moja zisikutane. Serikali inao mpango wa Afya Moja, na mwaka 2017 wataalamu wa sekta zote walikaa wakachagua magonjwa sita ya wanyama na binadamu ya kupewa kipaumbele. Brusela imo pamoja na kichaa cha mbwa, kimeta na homa ya Bonde la Ufa. Homa ya Q haimo. Siwalaumu sana, orodha lazima iishie mahali, na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu mwaka 2007 ilikuwa bado mbichi vichwani. Ila ugonjwa usiopimwa hauwezi kujipigia kampeni.

Kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 inaweka nguvu kwenye homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku. Ni magonjwa yanayomtia mfugaji hasara, sina ugomvi. Lakini mnyama anapovishwa hereni ya utambuzi, yupo mtaalamu amesimama naye uso kwa uso, na mwenye mnyama pembeni. Hapo ndipo pa kumuuliza mwaka huu wangapi wametupa mimba, na kumwonyesha jinsi ya kufukia kondo la nyuma kwa kina na chokaa juu, mfuko wa nailoni mkononi kama glavu hazipo. Na kumwambia kwamba mjamzito asizalishe mbuzi wala asifagie pale mbuzi alipozalia, kwani homa ya Q inaweza kuharibu mimba za binadamu pia.

Bagamoyo hatuwezi kusema hatuna watu wa sayansi. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kiko mjini kwetu, na watoto wa vijiji vyetu walishiriki majaribio ya chanjo za malaria, ile ya RTS,S na baadaye R21, chanjo ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023 na sasa zinatolewa Afrika. Hilo ni jambo la kujivunia. Na kadiri malaria inavyozidi kubanwa, ndivyo homa nyingine zitakavyobaki peke yake uwanjani, na ndivyo jibu la "hasi" litakavyozidi kutolewa.

Sidai kila zahanati iwe na kipimo cha kingamwili. Kipimo chenyewe kinataka damu mara mbili, wiki kadhaa kati yake, na maabara ya kueleweka. Wala sitaki mtu asome makala hii akanunue doksisaiklini Jumatatu. Nusu dozi za kujinunulia zinaweza kuuficha ugonjwa huu usitambuliwe mapema, na wajawazito hawapewi dawa hiyo. Ninachodai ni swali. Unafuga nini, umezalisha au kuchinja mnyama mwezi huu, unakunywa maziwa mabichi? Na la pili kwa yeyote anayejibu ndiyo: uliwahi kuambiwa una tatizo la moyo? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, asipewe kifuko cha vidonge akaambiwa anywe maji mengi. Aandikiwe rufaa, na sababu iandikwe kwa maneno kwenye karatasi, ili daktari wa hospitali ya Tumbi au Muhimbili asianze upya na malaria.

Muuguzi mmoja niliyemweleza hayo alicheka. "Kaka, foleni yenyewe umeiona?" Nimeiona. Ndiyo maana swali lisisubiri chumba cha daktari. Liulizwe pale kwenye benchi ambapo mgonjwa anapimwa uzito na presha na kutajiwa namba yake, na mwenye daftari aandike "mbuzi" au "ng'ombe" pembeni ya jina. Na namba ya simu ya bwana mifugo wa kata ibandikwe hapo hapo juu ya mzani, kwa tarakimu kubwa.